Herufi Zilizokuwa Chini ya Bitana

Kwetu kuna kifuko cha sindano ambacho wanawake wa upande wa mama wamekuwa wakirithishana kwa vizazi vinne. Kikikunjwa hakizidi kiganja cha mtu mzima. Nje ni kitambaa kilichokuwa cheupe zamani na ambacho sasa kina rangi ya chai. Ndani kimetiwa bitana ya kaniki. Na juu ya kifuniko chake limeshonwa, kwa uzi mwekundu, jina la kike kwa herufi za Kiarabu. Mna sindano tatu zilizoshika kutu, kibonge cha nta ya kulainishia uzi, na kastabini moja ya shaba ya njano. Habari tuliyoipokea pamoja nacho ilikuwa fupi na haikuwahi kubadilika: bibi wa bibi yangu, ambaye nyumbani hutajwa kwa heshima kama Bibi Mkubwa, alikuja nacho Unguja kutoka Shihiri, pwani ya Hadhramauti, angali mtoto, katika chombo cha baba yake.

Sikuwa na sababu ya kuitilia shaka habari hiyo. Washihiri wapo Unguja tangu zama na zama, na ushahidi tulikuwa nao mkononi. Kwanza jina lenyewe, kwa hati ya Kiarabu. Pili neno kastabini. Majirani zetu walisema subana, na bibi yangu hakulipenda neno hilo hata kidogo. Mtoto akimwambia, "Bibi, nipe subana," alijibu kwamba subana huuzwa dukani, na hii yake ni kastabini. Mjomba hudakia hapo hapo: jina la Kiarabu kwa kitu cha Kiarabu, sasa mwataka nini tena?

Nilipoanza kujishughulisha na asili za maneno, nilikwenda kuutilia nguvu ushahidi huu wa pili, na hapo ndipo ulipoanza kulegea. Kastabini kweli imetujia kwa njia ya Kiarabu, lakini Waarabu nao waliipokea kwa Waajemi. Kwa Kiajemi angusht ni kidole, na ban ni mlinzi. Mlinzi wa kidole. (Ni machache majina ya vyombo yanayosema kazi yake kwa uaminifu kama hili.) Basi ikiwa jina la chombo ndilo kipimo cha damu ya mwenye chombo, ingetubidi tumhamishe Bibi Mkubwa kutoka Shihiri tumpeleke Uajemi.

Wala hangekwenda peke yake. Kaa saa moja barazani kwa fundi yeyote wa Mkunazini au wa Mji wa Kale wa Mombasa usikilize anavyotaja vitu vyake. Pamba ni neno la Kiajemi. Bafta ni la Kiajemi pia, lenye maana ya kilichofumwa. Kudarizi kunatokana na darz, yaani mshono, na cherehani imetokana na charkh, gurudumu. Hariri, kitani, mkasi na hiyo bitana ni Kiarabu. Doti ya kanga inatoka Bara Hindi; leso imeachwa na Wareno. Lakini kushona kwenyewe, na kufuma, na kusuka, na uzi unaopita katika hayo yote, ni maneno yetu ya Kibantu, ya kabla ya jahazi lolote. Ukimsikia fundi akisema anashona bafta kwa cherehani, umesikia kitenzi cha nyumbani kikiamrisha wageni wawili, na fundi mwenyewe huenda hajavuka hata Chumbe. Neno husafiri kwa chombo chake na mtu kwa chake. Nilijua hivyo kuhusu lugha kwa miaka mingi bila ya kufikiri kwamba linahusu nyumba yetu.

Kitambaa cha nje nacho kilinifundisha jambo la namna hiyo hiyo. Ni kizito kidogo, nyuzi zake zahesabika kwa jicho, na bibi yangu alikiita marekani. Jina hilo lina historia iliyo wazi. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawa balozi mdogo wao wa kwanza Unguja. Merikebu za Salem zilileta majora ya pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts na kuondoka na pembe, ngozi na sandarusi. Kitambaa kile kilikwenda bara mpaka maziwa makuu, kikawa fedha ya njiani kwa misafara. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe huko kwao, kutoka 1861 hadi 1865, pamba ikakatika, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikajaa pengo. Jina halikuondoka pamoja na wenyewe. Mwanamke wa Unguja aliendelea kununua marekani ambayo haikuwahi kuiona Marekani. Kwa hiyo hata kitambaa, kwa jina lake, hakikuniambia kilifumwa wapi. Kiliniambia tu kwamba kilinunuliwa pwani hii, na watu wa pwani hii, wala si lazima kiwe kilitoka Shihiri.

Mambo yangeishia hapo, mashaka ya mtu wa kamusi, lau si bitana. Mama mkubwa, ambaye ndiye mrithi wa sasa, alinipa kifuko nikitazame kwa kuwa kaniki ilikuwa imeanza kuachia. Uzi wa pembeni ulikuwa umeoza. Nilipoinua ukingo nikaona chini yake migongo ya mishono mingi mekundu: mafundo, nyuzi zilizoruka kutoka sehemu moja hadi nyingine, na katikati ya mchafuko huo maumbo yaliyogeuzwa kama katika kioo. Nikamwomba ruhusa nifumue upande mmoja. Akakubali akidhani natafuta tundu la nondo.

Kifuko kizima ni ukanda mmoja wa marekani uliokunjwa mara mbili. Nusu yake ndiyo iliyobeba jina la Kiarabu, na imetazama nje. Nusu ya pili imekunjiwa ndani, uso kwa ndani, kisha ikafunikwa kwa kaniki. Nilipoukunjua ukanda juu ya meza zikatoka safu nne za herufi kubwa za Kilatini, zilizoshonwa kwa vijishono vya kupishana, kila kimoja mfano wa alama ya kuzidisha, na chini yao tarakimu kuanzia 1 hadi 7, kisha basi, kama mtu aliyeitwa akaacha kazi. Herufi N imeshonwa kinyume. Si kwa kuwa niliitazama kwa nyuma. Nyingine zote zilikuwa sawa, N peke yake ndiyo iliyogeuka. Ni kosa la mtoto anayejifunza kuandika, na kila mwalimu wa darasa la kwanza amelisahihisha.

Vitambaa vya namna hii vilikuwa vya kawaida sana Ulaya katika karne ya 19. Msichana alifundishwa kushona alfabeti ili baadaye aweze kutia alama za mwenyewe kwenye mashuka na vitambaa vya meza, zisichanganyike kwa dobi. Katika shule za mayatima na za maskini kazi hiyo ilikuwa pia maandalizi ya utumishi wa nyumbani. Nikafikiri, basi labda Bibi Mkubwa alikinunua, au alipewa na mzungu fulani. Ndipo nikazihesabu herufi.

Zilikuwa 24. Niliposoma kutoka A nilitaraji nikute C baada ya B, nikakuta CH, mishono ya C na H ikiwa imebanana kama herufi moja. Baada ya P ilikuja R. Baada ya W ilikuja Y. Hakuna Q wala X. Mtoto wa Kiingereza aliyeruka herufi mbili angeruka zozote. Hawezi kuruka kwa bahati herufi zile zile ambazo Kiswahili hakina kazi nazo, na juu ya hayo akamfungamanisha C na H. Kile hakikuwa kitambaa cha Kiingereza kilichofika Unguja. Kilikuwa alfabeti ya Kiswahili, na aliyeishona alifundishwa kuandika Kiswahili kwa hati ya Kilatini akiwa mdogo.

Hapa tarehe zinakuwa na uzito. Bibi yangu alikipokea kifuko kwa bibi yake kabla hajaolewa, na Bibi Mkubwa alikuwa mkongwe wakati huo. Utoto wake hauwezi kuwa baadaye kuliko miaka ya 1880. Wakati ule binti wa Kiislamu wa Unguja aliyesoma alisoma chuoni, kwa alifu na bee, mbele ya msahafu. Shule ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927. Kamati iliyosanifisha maandishi ya Kiswahili iliundwa mwaka 1930. Nusu karne kabla ya hayo, msichana aliyeshika sindano na kuambiwa ashone A, B, CH alikuwa mahali pa aina moja tu, nayo ni shule ya misheni. Na misheni za pwani katika miaka hiyo zilijaza shule zao kwa watoto wa aina moja zaidi kuliko wengine wote.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultan Barghash bin Said alitia saini, chini ya shinikizo la John Kirk na manowari za Kiingereza, mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Majahazi hayakuacha siku hiyo. Yaliendelea kusafiri kwa siri, na manowari zikaendelea kuyakamata, na watu waliokutwa ndani waligawanywa: baadhi Shelisheli, baadhi Bombay, na watoto wengi wakatiwa mikononi mwa misheni. Bagamoyo walikuwapo Wakatoliki tangu 1868. Karibu na Mombasa kijiji cha Freretown kilianzishwa baada ya 1873. Unguja walikuwapo Waanglikana wa UMCA, waliofika 1864 na Askofu Tozer na Edward Steere, na hao waliwaweka wasichana Mbweni, kusini ya mji, katika shule ya Mtakatifu Maria. Caroline Thackeray aliyefika mwaka 1877 aliiongoza kwa miaka mingi. Magofu yake bado yapo, na michikichi imekulia kati ya kuta. Waliofunzwa pale walifunzwa kusoma, na walifunzwa kushona.

Steere tunamjua sisi watu wa lugha kwa kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, ambacho maandishi yetu ya leo bado yana deni kwacho. Nimekifungua mara nyingi kutafuta tahajia au neno lililokufa. Sikuwahi kufikiri kwamba mwandiko ule, kabla ya kufika kwangu kwa vitabu, ulipita katika vidole vya mtoto aliyechukuliwa kwao, akauhesabu uzi kwa uzi.

Niliirudia kastabini. Fundi wa kanzu hutumia kastabini iliyo wazi juu, kwa sababu husukuma sindano kwa ubavu wa kidole. Hii yetu imefunikwa juu, kama zile walizopewa wasichana shuleni. Haina muhuri wa sonara, maana ni shaba tu. Nilijaribu kuivaa ikagoma kwenye kidole changu kidogo. Tulikuwa tumeitazama miaka yote hiyo, tukawahi hata kusema kwamba Bibi Mkubwa alikuwa na mikono midogo, na hatukusema lile lililo wazi, kwamba kilikuwa chombo cha mtoto wa miaka saba au minane.

Lakini jina la Kiarabu je? Mjomba aliliweka mbele yangu kama hoja isiyopingika, na nilimheshimu kwa kulitazama upya. Hati ya Kiarabu si cheti cha Uarabu. Mwana Kupona wa Pate alimwandikia bintiye utendi mwaka 1858 kwa hati hiyo hiyo na kwa Kiswahili, na washairi wetu wote wa zamani ndivyo walivyoandika. Kisha nikaona jinsi jina lenyewe lilivyoshonwa. Haliendi kwa mshono wa kufuata mkunjo wa herufi, kama wadarizi wa kofia wanavyofanya. Limejengwa kwa vijishono vile vile vya kupishana, kwa ngazi ngazi, mkunjo wa herufi ukilazimishwa kukaa katika miraba. Na katika kila kijishono, pande zote mbili za ukanda, uzi wa juu umelalia upande mmoja, ule usio wa kawaida, kama afanyavyo mtu wa mkono wa kushoto. Jina hilo Waarabu huliandika kwa swadi. Yeye ameliandika kwa sini, alivyolisikia. Simhukumu kwa herufi moja, maana waandishi wa Kiswahili wamezichanganya hizo tangu kale. Ila nikiziweka dalili zote pamoja, naona mkono mmoja: mtoto aliyefundishwa herufi za Kilatini kwa kuhesabu nyuzi, ambaye baadaye, akiwa mtu mzima, mke wa Mwislamu na Mwislamu mwenyewe, alijifunza herufi nyingine na akaandika jina lake jipya kwa sindano aliyoijua.

Lilikuwa jina lake la tatu, kwa uchache. Kwao alikuwa na moja. Kwenye daftari la misheni angebatizwa jingine. Hili la kifukoni ndilo alilokufa nalo. Kwa hiyo ukienda Kilimani kwenye nyaraka, au Oxford zilikohifadhiwa karatasi za UMCA, utakuta majina ya wasichana, lakini hapana kinachomfunga mmoja wao na jina letu.

Nilikwenda kumwambia mama mkubwa. Nilikuwa nimepanga maneno, kwa sababu nilijua ninachokigusa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Baada ya hapo watu walifanya kazi kubwa na ya kimya ya kujitengenezea asili. Waliacha kuvaa kaniki, wakavaa kanga. Waliacha majina waliyopewa na mabwana. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 idadi ya waliojiita Waswahili ilishuka sana, na haikuwa kwa sababu ya kufa. Walikuwa wameingia katika makabila yaliyoheshimika zaidi. Sisi tuliingia Shihiri. Wajukuu wameposwa na kuolewa kwa neno hilo, na bado lipo katika vinywa vya wazee wanapouliza kufu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, bibi yako aliwahi kunambia mara moja tu, tukichambua mchele. Alisema bibi yake kasomea Mbweni. Mimi nikajua chuo. Nikajua ni Kurani."

Tukanyamaza wote wawili. Katika Kiswahili cha nyumba yetu kusoma, ukilisema bila ya kuongeza kitu, ni kusoma Kurani. Katika Kiswahili cha misheni wasomaji walikuwa ni watu wa kanisa. Bibi yangu hakusema uongo na mama mkubwa hakusikia vibaya. Neno moja lilibeba maana mbili na likapita katikati yetu kwa miaka sitini bila ya kushtukiwa. Nimekaa katika mijadala mingi ya wapenzi wa lugha juu ya ufumbaji wa washairi wa zamani, namna walivyoweza kumwambia anayejua na kumficha asiyejua kwa mshororo ule ule. Sidhani kama nimeuona mfano mzuri kuliko huo wa mwanamke anayechambua mchele.

Mjomba bado hakubali. Asema kitambaa kinaweza kuokotwa, na kwamba mtu mzima hafumui nasaba kama bitana. Nampa haki yake katika jambo moja: sijui kwa nini Bibi Mkubwa alizikunjia zile herufi ndani. Yawezekana alizificha. Yawezekana pia alikuwa mwanamke mkata aliyehitaji kifuko, akawa na ukanda mmoja tu wa marekani, akauelekeza nje upande usioshonwa kitu. Ila aliyetaka kuficha tu angeutia motoni. Yeye aliutia bitana, akaweka ndani yake kastabini ambayo kidole chake hakikuweza tena kuivaa.

Mama mkubwa alinitaka nisilitaje jina lililo juu ya kifuniko, wala mtaa wetu, nami nimetii. Kisha aliniambia nimsomee zile herufi. Nikamsomea kwa sauti, A, B, CH, naye akifuata kwa ncha ya kidole juu ya mishono. Tulipofika kwenye N iliyogeuka akacheka kidogo, akaigusa mara ya pili. Alinipa uzi mweusi nirudishe kaniki mahali pake. Nilipoanza kushona kwa kubana akanizuia mkono.

"Piga bandi tu," alisema. "Wajukuu watataka kufungua."